Urefu wa Mchana na Uzazi wa Panya

Mkulima afunguapo ghala lake akakuta panya wengi kuliko msimu uliopita, hujiuliza wametoka wapi wote hawa kwa muda mfupi. Ili kumjibu, yatupasa kwanza tujue ni kitu gani kimwamrishacho panya jike kuzaa au kutozaa. Katika nchi za baridi jambo hili limechunguzwa sana, na ajabu yake ni kwamba amri hutoka kwa jua.

Ndani ya tumbo la jike mna viungo viwili vidogo viitwavyo ovari. Humo mayai ya uzazi hukomaa, na humo hutoka homoni zilitayarishazo tumbo la uzazi kupokea mimba. Mayai yasipokomaa, hata dume akiwapo, hapana mimba.

Sisi tukaao karibu na Ikweta hatujui sana habari ya mchana mrefu na mfupi. Katika Nairobi tofauti yake kwa mwaka mzima haizidi dakika 10. Lakini katika Uingereza mchana wa Juni ni wa saa 16 na zaidi, na ule wa Desemba haufiki saa 8. Mashambani huko yupo panya wa majani, mwenye mkia mfupi. Mwaka 1932 wataalamu wawili wa Oxford, John Baker na R. M. Ranson, waliwaweka panya hao chini ya taa. Wengine walipewa mwanga saa 15 kila siku, na wengine saa 9 tu. Wale wa saa 15 walizaa. Wale wa saa 9 walikaribia kuacha kabisa, na waliopatwa zaidi walikuwa majike.

Mwanga hufikaje katika ovari? Katikati ya ubongo imo tezi ndogo iitwayo pineali, nayo hutoa homoni ya melatonini wakati wa giza. Mwangaza ukiingia machoni, kazi hiyo hukoma. Basi kwa kweli mwili haupimi mchana, hupima usiku. Usiku uwapo mrefu, melatonini hudumu zaidi. Ubongo huipunguzia tezi ya pituitari amri, nayo pituitari huacha kupeleka homoni ziamshazo ovari. Mayai hubaki machanga. Kwa kawaida mayai ya hamsta jike wa Syria hukomaa kila baada ya siku 4, lakini mchana ukipungua chini ya saa 12 na nusu, baada ya majuma kadhaa huacha. Akiondolewa pineali, mchana mfupi haumzuii tena.

Na hapa pana jambo ambalo mimi nalistaajabia kuliko yote. Wakati wa baridi hamsta hujifungia shimoni, asione jua. Ni nani atakayempa habari kwamba majira mema yakaribia? Hapana, baada ya miezi 5 hivi ya mchana mfupi ovari zake huamka zenyewe gizani, bila kungoja mwanga, ili atokapo nje awe tayari.

Joto lingekuwa kiongozi mbaya. Siku chache za joto zaweza kuja katikati ya baridi; jike akizifuata, watoto watazaliwa majuma matatu baadaye penye theluji, pasipo jani bichi, nao watakufa. Urefu wa usiku haumdanganyi hivyo.

Panya wetu, ambao usiku wao ni mmoja mwaka mzima, wana kiongozi mwingine. Yuko panya wa mashambani ambaye jike lake lina chuchu nyingi kupita panya wengine, naye ni mwizi mkubwa wa mahindi. Uchunguzi uliofanywa Morogoro, Tanzania, umeonyesha kwamba yeye hufuata mvua: huanza kuzaa yapata mwezi mmoja baada ya masika kuanza, nyasi changa zinapokuwa tele. Mvua za vuli zikiwa nyingi kuliko desturi, huanza mapema, na watoto wa kwanza huwahi kuzaa wao pia kabla msimu haujakwisha. Jike mmoja huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, na mimba yake ni ya siku 23 tu. Kwa hiyo mtego utegwao kabla ya nyasi kuota humnasa jike mwenye ovari zilizolala. Ukingojea mpaka mahindi yabebe, utawanasa watoto wake mmoja mmoja.