Usukani wa Lori Ukisumbua, Tupime Kwanza

Ndugu wanakikundi, lori letu likisumbua usukani tusikimbilie kununua boksi ya stelingi, maana ni ghali. Kwanza tutafute ugonjwa.

1. Linavuta upande mmoja: Tupime upepo wa tairi za mbele, uwe sawa. Baada ya safari, ringi moja ikiwa moto kuliko mwenzake, huenda breki yake inashika.

2. Usukani ni mzito: Tuangalie mafuta ya pawa stelingi, mkanda uliolegea, tairi zisizo na upepo wa kutosha, na mzigo uliolalia mbele.

3. Usukani unacheza: Tuweke mawe kwenye magurudumu. Mmoja augeuze kidogo kushoto na kulia, mwingine atazame viungo vya tairodi akiwa pembeni. Kiungo kikicheza na gurudumu halifuati, kimelika.

4. Unatetemeka: Tukaze nati, tuangalie tairi zilizolika vibaya.

Usukani ukicheza, lori lisibebe gunia wala mtu mpaka fundi alitengeneze. Soko la leo likitupita, kuna la wiki ijayo. Uhai haununuliwi.

Tujadiliane: Dereva wetu akisema lori halifai, ni nani humlazimisha aende?