Kidhibiti Mwendo Hakishiki Breki

Katika mafunzo yetu ya Gerayo Amahoro, kampeni iliyozinduliwa Mei 2019, tumezoea kuzungumzia ulevi, simu na mwendo wa kasi. Leo tunamzungumzia msaidizi asiye na leseni, yaani vifaa vinavyofungwa ndani ya gari ili kumpunguzia dereva kazi. Hatuvilaumu, kwani vina manufaa makubwa. Lakini kila kifaa kina mpaka wake, na dereva asiyeujua mpaka huo huikabidhi kazi kwa asiyekuwapo.

Tuanze na kifaa tunachokijua sote. Kwa mujibu wa Amri ya Rais ya mwaka 2015, magari ya abiria na malori makubwa hufungwa kidhibiti mwendo, kikomo kikiwa kilomita 60 kwa saa. Wako wanaoamini kwamba gari lenye kifaa hicho haliwezi kukimbia kupita hapo. Sivyo. Kidhibiti huipunguzia injini nguvu, breki hakizigusi. Barabara itokayo Kamembe kwenda Bugarama huacha maeneo ya Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kushuka hadi bonde lililo karibu mita 950, mahali pa chini kuliko pote nchini Rwanda. Katika mteremko kama huo, uzito wa gari ndio unaolisukuma. Dereva anayeachia gia ili aokoe mafuta (na tabia hii tunaijua vizuri) huiondoa injini katika kazi ya kulizuia gari, na kidhibiti hakina la kufanya. Hubaki breki peke yake. Ikikanyagwa mfululizo hupata moto, na ikishapata moto haishiki tena. Madereva wakongwe hufundisha kuteremka kwa gia ile ile ambayo ungeutumia mlima huo kuupanda, na hadi leo hatujaona kifaa kinachoishinda kanuni hiyo.

Tena, 60 ni kikomo, si mwendo wa kulazimisha kila mahali. Ukungu unaposhuka juu ya kona za Nyungwe, kati ya Gisakura na Kitabi, hata 40 huweza kuwa mwingi mno.

Magari madogo ya siku hizi huja na mengine zaidi: kamera nyuma ya kioo cha mbele, rada kwenye bampa, breki inayojifunga yenyewe, usukani unaofuata mistari ya barabara, na kitufe cha kushikilia mwendo mmoja. Kamera huona kwa kupitia kioo kama tuonavyo sisi. Mvua kubwa, matope na ukungu huipofusha, na mstari uliofutika haiwezi kuufuata. Kitufe cha mwendo hakijui kwamba lami imelowa. Kioo cha mbele kikibadilishwa pasipo kamera kupimwa upya, huenda ikaangalia kando ya barabara huku dereva akiitegemea.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona nchini Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber, lililokuwa likijiendesha, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi ulionyesha kwamba rada ilimgundua sekunde 5.6 kabla. Muda huo ulitosha, lakini programu ilibadilisha jibu mara kwa mara: gari, kitu kisichojulikana, baiskeli. Haikuandaliwa kumtarajia mtu anayevuka pasipo kivuko. Aliyewekwa kwenye usukani ili aingilie kati alikuwa akitazama simu.

Mkazi wa Rusizi hahitaji kuelezwa zaidi. Watu wanaosukuma baiskeli zenye mizigo ndio barabara yetu ya kila asubuhi kuelekea mpaka wa Bukavu, nao huvuka popote. Nyungwe kuna nyani, na pikipiki hutokea upande ambao hakuna aliyeutarajia.

Basi, unaponunua gari lililotumika, mwombe muuzaji akueleze kila taa ya onyo kwenye dashibodi, hasa ikiwa maandishi ni ya lugha usiyoisoma. Uliza kama kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa. Jizoeshe kukizima kitufe cha kushikilia mwendo kabla hujaingia msituni au mvua haijaanza. Mkanda, macho mbele na mikono kwenye usukani vibaki vilivyo, kwa kuwa likitokea la kutokea, atakayehojiwa ni dereva. Kukiwa na ajali, piga 113 na utaje sekta na kijiji ulipo.