SOMO: Jinsi amonia inavyoua sikilidi wadogo kwenye tangi la nyumbani

Tumeshazungumza sana habari za perege na kambale. Leo tuingie sebuleni, kwenye samaki wa mapambo. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Kijana mmoja wa kata yangu alinunua sikilidi wadogo 10 wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Alitaka wazaane auze watoto wake. Tangi lake lilikuwa limetimiza miezi miwili na samaki walikuwa wazima kabisa. Nilipomtembelea nikaona sponji ya chujio imejaa uchafu. Nikamwambia, "Kaisuuze vizuri bombani mpaka iwe nyeupe."

Siku ya tatu akanipigia simu: "Bwana shamba, samaki wanahema juu ya maji." Nikadhani ni ugonjwa, nikamwambia atie dawa. Kufikia Jumapili walikuwa wamebaki watatu.

Hawakuwa wagonjwa. Ni mimi niliyewaua, kwa ushauri.

Nini kilitokea?

Samaki anatoa amonia kupitia matamvua yake. Chakula kilichobaki na kinyesi navyo vikioza vinatoa amonia. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wazuri wanaoibadilisha amonia kuwa nitriti, kisha wengine wanaibadilisha nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kali. Nitrati ina nafuu, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Wengi wa bakteria hao wanaishi kwenye ile ile sponji chafu. Maji ya bomba yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua bakteria. Kwa hiyo tulisafisha sponji, tukawafuta na wafanyakazi.

Lakini mbona kwa perege sijawahi kuona hivyo?

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Amonia kwenye maji iko ya aina mbili: moja ina sumu kali, nyingine ina sumu kidogo sana. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH hasa, na joto kidogo. Kwenye maji ya nyuzi 25 hali iko hivi:

- pH 7: yenye sumu kali haifiki hata sehemu 1 kati ya 100
- pH 8: ni kama sehemu 5 kati ya 100
- pH 9: inazidi sehemu 30 kati ya 100

Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, pH yake ni kati ya 8.5 na 9 hivi, na samaki hawa ndiyo maji waliyoyazoea. Yaani amonia ile ile ambayo perege kwenye maji ya pH 7 angeivumilia, kwa sikilidi huyu ni kifo. Ukitaka kumfuga, huna nafasi ya kuzembea.

Fanya hivi

1. Tangi. Lita 60 zinatosha kuanzia samaki 6 hadi 8 wa aina ndogo kama *Neolamprologus multifasciatus*, ambao hawazidi sentimita 5 hivi. Weka mchanga laini wa sentimita 5 maana wanapenda kuchimba, na magamba ya konokono yaliyochemshwa, zaidi ya idadi ya samaki. Humo ndimo wanamojificha na kutaga.

2. Komaza tangi kabla ya kununua samaki. Washa chujio, kila siku tia chakula kidogo sana kioze. Pima amonia na nitriti. Zote zikipanda kisha zikashuka mpaka sifuri, tangi limekomaa. Huchukua wiki 4 hadi 6. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi zima la mwenzako, muda unapungua.

3. Maji. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Kama maji yako ni laini, kwa mfano ya mvua, weka mawe ya chokaa yaliyosafishwa ndani ya tangi. pH ipande polepole, usiirushe kwa siku moja.

4. Badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yakae wazi kwenye ndoo siku 1 hadi 2, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Yawe na joto na pH inayokaribiana na ya tangi.

5. Sponji isuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Ikamue mara mbili tatu, inatosha. Usitafute weupe.

6. Chakula. Kidogo mara mbili kwa siku, kiishe ndani ya dakika 2. Usilishe kwa mazoea ya bwawa.

Ukiwakuta wanahema juu

Pima amonia kabla ya kushika dawa. Kama huna kipimo, fanya hivi hivi: acha kulisha siku 2, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo na kesho yake tena, ongeza pampu ya hewa. Usitie kitu chochote cha kupandisha pH wakati huo, utaongeza sumu.

Kuhusu biashara

Jike anataga ndani ya gamba, na watoto wakikua hubaki karibu na wazazi, kwa hiyo tangi moja linaweza kuwa na vizazi kadhaa. Anza na tangi moja. Likikaa miezi 3 bila kifo ndipo ufikirie la pili. Nunua kwa mfugaji au muuzaji halali. Kukamata samaki ziwani kunahitaji kibali, muulize kwanza afisa uvuvi wa wilaya yako.

Yule kijana nilimwendea, nikamweleza wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Watatu waliobaki tuliwaokoa kwa kubadilisha maji. Bahati nzuri kulikuwa na dume na jike. Mwezi uliopita alinionyesha vitoto vinachungulia kwenye gamba. Sponji yake, ukiitazama, ni ya kahawia. Mwache nayo hivyo hivyo.

Tukutane somo lijalo.