Mayai ya Samaki: Tuyaache kwa Mama, ao Tuyalee Sisi?

Katika somo hili tutaongea juu ya mayai ya samaki. Sababu mnaijua. Katika akwariamu ya labo kuko jike mmoja aliyefunga kinywa tangu siku ya pili. Hali chakula, na koo lake limevimba. Watu mingi wamepita pale kwenye kioo wakisema, “Ni mgonjwa.” Wengine wanasema, “Amekula mayai yake, mumutoe!” Hapana, hakuyala. Ameyabeba. Na likizo itaanza siku ya posho ya juma lijalo. Basi sherti tukate shauri: tumwachie mayai yake, ao tuyatoe kinywani tuyalee wenyewe?

Tuanze na samaki mwenyewe. Jina lake la masomo ni Astatotilapia burtoni. Anaishi Ziwa Tanganyika, pale maji si marefu, penye majani na karibu na midomo ya mito. Si mkubwa, lakini dume lake ni la kutazamwa. Chini ya tumbo, kwenye pezi la nyuma, ana madoa ya manjano ya mviringo, kila doa linafanana kabisa na yai. Madoa haya si pambo tu. Jike anataga mayai machache juu ya mchanga, anageuka mbio na kuyaokota kinywani mbele mbegu ya dume haijayafikia. Kisha dume anatandaza pezi lake mbele ya uso wa jike. Jike anakaribia madoa yale na kuyadonoa kama vile anaokota mayai, na hapo dume anaachilia mbegu. Ni ndani ya kinywa cha mama mayai yanapata uzima. Wanafanya hivyo tena na tena mpaka mayai yaishe, kisha mama anafunga kinywa kwa muda wa karibu majuma mawili. Tilapia wa vidimbwi vyetu, yule anayeitwa nilotica, naye analea mayai kinywani namna hiyo, lakini tilapia rendalli anataga chini na kuchunga. Kwa hiyo wale wenye vidimbwi nyumbani, jambo hili si geni kwenu.

Sasa yai linahitaji nini? Watu wanafikiri linahitaji kuchungwa tu lisiliwe. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Yai ni kitu chenye uhai, linavuta oksijeni kupitia ngozi yake. Na maji yana hewa kidogo sana: kwenye joto la digri 25, lita moja inabeba karibu miligramu 8 za oksijeni, na maji yakizidi joto inapungua tena. Yai likilala chini bila kusogea, maji yanayoligusa yanachoka. Linakufa. Na yai lililokufa linakuwa jeupe kama chaki, kisha linaota nyuzi kama pamba. Mojawapo ya viumbe vinavyoleta pamba hiyo inaitwa Saprolegnia. Inaanza kwenye yai lililokufa ao lisilopata mbegu, kisha nyuzi zinatambaa mpaka kwenye mayai mazima ya jirani na kuyafunika.

Tazameni tena koo la yule mama. Linacheza, mashavu yanafunguka na kujifunga. Anapumua, lakini tena anayageuza mayai ndani, juu na chini, mchana na usiku. Kwa kazi hiyo moja anayapa hewa, anayasafisha, na kuyazuia kushikamana. Kwa hiyo yule anayesema tuyatoe mayai, anasema vilevile kwamba atakuwa tayari kufanya kazi hiyo bila kulala. Shauri letu ni kumwachia.

Lakini kumwachia si kumsahau. Katika juma la kwanza asiguswe hata kidogo, wala vioo visigongwe. Mama akiogopa anaweza kutema mayai ao kuyameza kweli, na hapo maneno ya wale wa mlangoni yatatimia. Siku ya kumi tutamhamisha peke yake katika bokali kubwa, usiku taa ikiisha kuzimwa, kwa bakuli na si kwa wavu, na maji ya bokali yatatoka katika akwariamu ileile. Tusiweke maji ya mvua. Ziwa Tanganyika lina maji yenye chumvi nyingi za mawe na pH karibu 9, na samaki wake hawapendi mageuzi ya ghafula. Kwa maji ya namna hiyo uchafu una hatari zaidi, sababu amonia inakuwa sumu kali pH ikipanda. Kila siku kidogo ya maji ibadilishwe.

Mama akitema mayai kabla ya siku, bado kuko njia. Kata chupa ya plastiki chini, igeuze mdomo uangalie chini, na mdomoni pitisha tiyo nyembamba ya hewa. Mapovu yawe machache: mayai yapande na kushuka polepole, yasirukeruke kama maharagwe kwenye sufuria. Watu wengi wanafungua pompi kwa nguvu wakifikiri wanasaidia, na mayai yanapasuka. Yale meupe yatolewe kila asubuhi na jioni kwa pipeti. Bluu ya metileni ya labo inasaidia kuzuia ile pamba. Tieni matone tu, maji yawe na rangi hafifu ya mbingu. Isiingie katika akwariamu kubwa, sababu itaua bakteria zinazosafisha filtri.

Na umeme ukikatika? Twaeni mpira wa ndani wa gurudumu la motokari, ujazeni kwa pompi ya kinga, na mdomoni fungeni tiyo ya serumu pamoja na kile kigurudumu chake cha kupunguza. Ukiubana vizuri, hewa itatoka povu kwa povu kwa saa mingi. Kwa maoni yetu chombo hicho kinashinda pompi ya kununuliwa.

Kuko adui mwingine ambaye chupa wala dawa haimwezi. Wengine wameomba tuweke katika akwariamu yule samaki wa sharubu mwenye madoa meusi, Synodontis multipunctatus, sababu ni mzuri. Mtaalamu wa Japani, Tetsu Sato, alieleza kazi yake mwaka 1986. Wenzake wanapotaga, huyu anaingia katikati, anakula mayai yao na kuangusha yake. Mama kwa haraka anaokota yote. Mayai ya mgeni yanaanguliwa mbele, na vitoto vyake vinakula watoto wa mwenye nyumba humohumo kinywani. Mama anatunza koo lililovimba, na mwisho anatapika watoto wasio wake. Shauri letu ni hapana, kama kweli tunataka vitoto.

Vitoto vikitoka, havina haja ya chakula cha ajabu. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kichujwe kwa kitambaa, ncha ya kijiko tu, kwani kinaozesha maji mbio. Maji ya kijani ya kidimbwi ni bora. Kwa siku za kwanza hatari ikija vitajificha tena kinywani mwa mama, msishangae. Kisha mama apumzike na kula siku nne ao tano peke yake mbele hajarudi kwa madume, maana hakula majuma mawili.

Siku ya kumi na nne itaanguka ndani ya likizo. Tunatafuta watu wanne wanaokaa karibu na shule, wawili asubuhi, wawili jioni. Karatasi ya majina imebandikwa mlangoni mwa labo, na mpira wa motokari bado haujapatikana.