Glovu za Kipa Mdogo Haziuawi na Mpira

Jioni yoyote ukisimama nyuma ya goli pale Uwanja wa Mwinjuma, Mwananyamala, angalia kwanza mikono ya makipa wadogo. Mmoja kavaa glovu za kaka yake, vidole vinaning'inia. Mwingine ana glovu mpya kabisa ambazo kiganja kimeshaanza kumeguka. Hizo za pili ndizo zinazouma mfukoni, maana mzazi alijinyima, na mpira haukuzigusa kiasi hicho. Zimeliwa na changarawe, kisha zikamaliziwa na jua la kwenye kamba ya nguo.

Kwanza, tusimtishe mtu. Sheria za soka hazimlazimishi kipa kuvaa glovu. Vya lazima ni jezi, bukta, soksi, vilinda ugoko na viatu. Robo fainali ya Euro 2004, Ricardo wa Ureno alizivua zake katikati ya mikwaju ya penalti dhidi ya Uingereza, akaokoa mkwaju wa Darius Vassell kwa mikono mitupu, halafu akaenda mwenyewe kupiga penalti ya ushindi. Kwa hiyo mtoto asiye na glovu aende mazoezini hivyo hivyo.

Ukishaamua kununua, jambo la kwanza ni saizi, na hapa ndipo wazazi wengi tunakosea kwa nia njema. Sare ya shule tunanunua kubwa ili mtoto akue nayo, na glovu tunafanya vile vile. Glovu haikubali. Ncha ya kidole ikiwa tupu inajikunja mpira ukija kwa kasi, unapenya, na mtoto anaambiwa ana mikono ya siagi wakati kosa ni la glovu. Nenda naye dukani. Akivaa, ncha za vidole zibaki na nafasi ndogo tu, nusu sentimita mpaka sentimita moja. Akunje ngumi, afungue, akunje tena: kiganja kisijikusanye katikati, na mkanda wa kifundo ushike bila kumbana. Mwombe muuzaji mpira, adake mara mbili tatu pale pale kibarazani. Namba iliyoandikwa ni ya kukadiria, kwa sababu saizi 6 ya kampuni moja inaweza kuwa ndogo kuliko 6 ya nyingine.

Kariakoo utaambiwa, "Mama, hizi orijino kabisa, hata kipa Diarra anavaa hizi." Cheka naye, kisha geuza glovu uangalie kiganja. Juma Kaseja hakuwa mrefu na bado alidakia Simba, Yanga na baadaye KMC ya hapa hapa Kinondoni; nembo ya mgongoni haidaki. Kinachodaka ni lile povu la mpira la kiganjani, ambalo kwa kawaida lina unene wa milimita 3 hadi 4. Povu laini sana linanata vizuri, lakini limetengenezwa kwa ajili ya majani, na kwenye uwanja wetu wa mchanga na kokoto halifiki mbali. Kwa mtoto wa mchangani chagua povu gumu kidogo, hata kama halinati sana. Zile zenye kiganja cha plastiki inayong'aa ziache. Hazina tofauti na kudaka ukiwa umevaa mfuko.

Mitumba nayo ina bahati zake, ila ujue kupima. Bonyeza kiganja kwa kidole gumba. Povu zima linarudi lilivyokuwa. Lililokufa linabaki na shimo, au linakuachia unga kidoleni, na hilo hata kwa bei ya bure usichukue. Chungulia pia mishono ya ndani kati ya vidole, maana ndiyo huachia kwanza.

Kuna glovu zenye vijiti vya plastiki mgongoni mwa vidole, vya kuzuia kidole kisipinde kinyumenyume. Kwa mtoto mdogo mimi sivipendi. Vingi katika zile za bei rahisi ni vigumu kiasi kwamba mtoto hawezi kuukumbatia mpira. Ukizikuta, tafuta ambazo vijiti vinachomoka.

Kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza, zisuuze kwa maji ya vuguvugu kuondoa dawa za kiwandani. Na kabla ya kila mechi, lowanisha viganja kidogo, kisha pangusa maji yanayochuruzika. Povu kavu lenye vumbi linateleza. Likiwa na unyevu linanasa. Makipa wengi hutema mate, ila chupa ya maji inatosha.

Sasa lile ambalo halina gharama yoyote. Mtazame mtoto akishadaka chini: anainukaje? Wengi husukuma ardhi kwa kiganja kilichofunguka, na kila wakiinuka changarawe inakwangua povu. Mfundishe kuinuka kwa kukunja ngumi, au kwa kuegemea mkono wa chini na kiwiko. Kocha akilisisitiza hilo, glovu zitakaa muda mrefu kuliko sabuni yoyote itakavyoziwezesha.

Kufua ni kazi ya mtoto mwenyewe. Azivae, aingize mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu lenye sabuni ya kuogea watoto, asugue kiganja kwa kiganja taratibu mpaka tope litoke. Jiki hapana, sabuni ya unga hapana, brashi hapana. Azikamue kwa kuzibonyeza, asizisokote. Halafu zining'inizwe kwa mkanda kivulini panapopita upepo. Juu ya bati la saa saba, povu linakauka, linakuwa gumu na kupasuka. Karibu na jiko la mkaa ni hivyo hivyo. Zikiachwa kwenye begi usiku kucha na joto letu la Dar, hasa masika, asubuhi ni harufu na ukungu. Na zikishakauka, viganja visikae vikitazamana, kwa sababu vinagandana na ukivitenganisha kimoja kinaondoka na nyama ya mwenzake. Weka kitambaa katikati.

Kipande kikianza kuning'inia kiganjani, kikate kwa mkasi kabla hakijavuta kingine. Gundi ya haraka inaacha sehemu ngumu inayourusha mpira. Mshono wa pembeni fundi viatu anauweza, lakini sindano isipite kwenye kiganja. Glovu zilizochoka zibaki za mazoezi, mpya zitoke siku ya mechi.

Halafu andika jina ndani ya mkanda kwa wino usiofutika. Mchangani kipa wa timu pinzani huja kuazima dakika tano kabla ya filimbi, na kumnyima ni vigumu.