Nani Aulizwe, na Swali Gani Lifuate: Mantiki ya Masharti na Uteuzi wa Nasibu katika Madodoso ya Afya

Utangulizi

Katika Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015/16, asilimia 47 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliohojiwa mkoani Dodoma walisema kwamba wamekeketwa. Utafiti wa namna hiyo hiyo uliporudiwa mwaka 2022, kiwango hicho kilikuwa asilimia 18. Kwa taifa zima, kiwango kilishuka kutoka asilimia 10 hadi asilimia 8.

Mhudumu wa afya aliyeko Kondoa akizisoma takwimu hizo ana haki ya kufurahi. Hata hivyo, hesabu yenyewe inamtaka asite kidogo. Ukeketaji haufutiki mwilini. Mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 15 hadi 42 mwaka 2015 alikuwa bado ndani ya rika la miaka 15 hadi 49 mwaka 2022. Kwa hiyo, hata kama mila hiyo ingekoma kabisa mwaka 2015, kiwango cha wanawake wa rika hilo kingepungua polepole, kadiri wasichana wapya wanavyoingia na wakubwa wanavyotoka. Kushuka kwa kiasi hicho katika miaka saba kunahitaji maelezo zaidi. Huenda watu wengi wamehamia Dodoma tangu Serikali ilipohamishia makao yake huko. Huenda sampuli mbili tofauti zimeangukia vijiji tofauti. Huenda pia baadhi ya wanawake waliosema ndiyo zamani sasa wanasema hapana.

Maelezo hayo yote yanaweza kuwa na ukweli kwa pamoja. Hili la mwisho, hata hivyo, linamhusu moja kwa moja anayetunga dodoso, kwa sababu namna swali linavyopangwa huchangia ama ukweli kusemwa au kufichwa. Makala hii inaeleza nyenzo mbili za kupanga maswali katika dodoso la kielektroniki: mantiki ya masharti, ambayo huamua swali gani lifuate, na nasibu, ambayo huamua nani aulizwe nini.

Kwa nini jibu hufichwa

Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania inamtia hatiani mtu anayemkeketa, au kusababisha akeketwe, msichana wa chini ya umri wa miaka 18 aliye katika uangalizi wake. Adhabu ni kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano, au faini, au vyote viwili. Sheria hiyo ni ya haki, lakini kwa mtafiti ina matokeo mengine: mama anayeulizwa kuhusu binti yake anaweza kuona kwamba anaulizwa kuhusu kosa lake la jinai. Katika mikoa ya kati baadhi ya familia zimeelekea kuwakeketa watoto wakiwa wachanga, ili tendo lisionekane.

Kuna pia suala la lugha. Neno «ukeketaji» ni neno la sheria na la kampeni, nalo lina hukumu ndani yake. Bibi wa Kondoa anayezungumza Kirangi, Kisandawe, Kiburunge au Kialagwa nyumbani anaweza kulisikia kama shutuma, ilhali «tohara ya wanawake» angeijibu bila kushtuka. Katika Dodoma na Singida liko pia neno «lawalawa», linalotumika kwa maambukizi ya sehemu za siri na njia ya mkojo ya watoto wa kike, ambayo imedhaniwa kwamba huponywa kwa kukeketa. Dhana hiyo si ya kweli. Muwasho, uchafu ukeni au maumivu wakati wa kukojoa hutibiwa kwa usafi na kwa dawa zinazotolewa baada ya mtoto kuchunguzwa katika kituo cha afya. Dodoso lisilolijua neno hilo litapita karibu na sababu ya tendo bila kuigusa.

Mantiki ya masharti: swali-lango

Mantiki ya masharti ni kanuni ya aina hii: ikiwa jibu la swali A ni «ndiyo», liulizwe swali B, ikiwa ni «hapana», fomu iruke hadi swali F. Katika karatasi kanuni hiyo ilikuwa mshale pembeni mwa swali, na mdadisi aliyechoka angeweza kuukosa. Katika kishikwambi au simu janja, programu kama ODK, KoboToolbox na REDCap hutekeleza kanuni zenyewe, na swali lisilohusika halionekani.

Tafiti za kitaifa zimepanga maswali ya ukeketaji kwa mtindo huo. Mwanamke huulizwa kwanza kama amewahi kusikia kuhusu tohara ya wanawake. Akisema hapana, huelezewa jambo lenyewe kwa maneno mengine na kuulizwa tena. Ni baada ya hapo tu anapoulizwa kama yeye mwenyewe ametahiriwa, na akikubali ndipo huulizwa alikuwa na umri gani na nani alifanya. Mpangilio huo una busara. Swali la kwanza halimshtaki mtu, na jibu la «sijawahi kusikia» halipokelewi kwa haraka.

Hata hivyo, lango likijengwa vibaya huharibu kila kilicho nyuma yake. Mambo manne yanahitaji uangalifu.

Kwanza, «hapana» ya uongo hufunga maswali yote yanayofuata. Ikiwa swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, mhojiwa atajifunza upesi kwamba «hapana» humaliza mahojiano. Swali jepesi litangulie.

Pili, majibu yanayoruhusiwa yalingane na maisha. Mtunzi akiweka sharti kwamba umri wa kukeketwa uwe kati ya miaka 5 na 18, mwanamke aliyekeketwa akiwa mchanga hataweza kujibu kweli, fomu itamkatalia. Madodoso ya kitaifa yana jibu la pekee la «nilipokuwa mchanga», na lingine la «sijui».

Tatu, jibu lililobadilishwa. Mhojiwa anasema «ndiyo», anajibu maswali mawili, kisha anarudi nyuma na kusema «hapana». Mtunzi ajue kama programu yake inafuta majibu yale mawili au inayabakiza yakiwa yamefichwa. Yakibaki, takwimu zitakuwa na mwanamke asiyekeketwa mwenye umri wa kukeketwa.

Nne, kutoulizwa si sawa na kukana. Tuchukue mfano wa kubuni wa wanawake 300. Kati yao 240 wamewahi kusikia, na 48 kati ya hao wanasema wamekeketwa. Ukigawanya kwa walioulizwa swali la pili, kiwango ni asilimia 20. Ukigawanya kwa wanawake wote, ni asilimia 16. Ripoti za kitaifa hutumia wanawake wote. Mtu akilinganisha asilimia 20 yake na takwimu ya taifa atadhani ameona tofauti, kumbe amebadilisha kigawanyo tu. Kwa sababu hiyo fomu itenganishe alama za «hakuulizwa», «hajui», «amekataa» na «hapana».

Nasibu ya kwanza: kura ya nani aulizwe

Nasibu ni kura yenye uwezekano unaojulikana. Si kubahatisha, wala si kumchukua anayepatikana kwa urahisi. Katika utafiti wa mwaka 2022 yalichaguliwa kwanza maeneo 629 ya kuhesabia watu nchini kote, kisha kaya 26 katika kila eneo.

Kura nyingine hupigwa ndani ya kaya. Maswali ya ukatili wa kijinsia huulizwa mwanamke mmoja tu katika kila kaya iliyoteuliwa kwa sehemu hiyo, hata kama wako watatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 unaeleza sababu: wanawake wawili wa nyumba moja wakiulizwa, kila mmoja atajua mwenzake ameulizwa nini, na habari inaweza kumfikia anayewaumiza. Hapa mantiki ya masharti na nasibu hufanya kazi pamoja. Kura humteua mwanamke mmoja. Kisha mdadisi huthibitisha kwamba faragha imepatikana. Isipopatikana, sehemu yote hurukwa. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto wa Tanzania wa mwaka 2009 ulikwenda mbali zaidi: wasichana na wavulana walihojiwa katika maeneo tofauti, ili mkosaji na aliyekosewa wasihojiwe katika mtaa mmoja.

Kura hiyo ina gharama inayopaswa kulipwa katika hesabu. Mwanamke aliye peke yake katika kaya ana hakika ya kuteuliwa, na aliye mmoja kati ya watatu ana nafasi moja kati ya tatu. Jibu la huyu wa pili lipewe uzito wa tatu, la sivyo kaya kubwa zitawakilishwa pungufu.

Nasibu ya pili: kura ya swali

Kura inaweza pia kuamua swali lenyewe. Nusu ya wahojiwa waulizwe kwa neno «ukeketaji» na nusu kwa «tohara ya wanawake». Kwa kuwa makundi yamegawanywa kwa kura, tofauti ya majibu inayozidi bahati ya kawaida imetokana na neno. Vivyo hivyo, mpangilio wa majibu hubadilishwa kwa kura, kwa sababu anayesoma huelekea kuchagua yaliyo mwanzoni, na anayesomewa huelekea kukumbuka ya mwisho.

Njia inayomlinda zaidi mhojiwa ni ya orodha. Kundi la kwanza husomewa mambo manne: kuugua malaria, kulazwa hospitali, kung'olewa jino, kuvunjika mfupa. Kila mtu husema ni mangapi yamewahi kumpata, bila kuyataja. Kundi la pili husomewa hayo manne na la tano: kukeketwa. Hakuna anayekiri lolote, kwa maana «mawili» yanaweza kuwa mawili yoyote. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa 1.9 na wa pili 2.2, tofauti ya 0.3 ina maana kwamba takriban asilimia 30 wamekeketwa.

Faragha hiyo hupunguza uhakika. Ikiwa kila kundi lina watu 200 na mkengeuko wa kawaida ni 0.9, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 12 na asilimia 48. Ili kukikadiria ndani ya pointi tano juu au chini, wangehitajika karibu watu 2,500 katika kila kundi. Kwa zahanati moja njia hii haifai. Kwa mkoa inaweza kufaa. Tena, mambo ya orodha yachaguliwe ili pasiwe na wengi wanaoyajibu yote, kwa kuwa anayesema «yote matano» amejifichua.

Kura ya makundi ipigwe na programu. Mdadisi akipewa kanuni ya «mmoja huku, mwingine kule», atajua anayefuata ataangukia wapi, na anaweza kumpisha. Pia kura ihifadhiwe mara inapopigwa, kwa kuwa katika baadhi ya programu fomu isiyowekwa sawasawa hupiga kura upya kila inapofunguliwa.

Simu ya nani?

Dodoso linalotumwa kwa kiungo cha intaneti huokoa mafuta na muda, lakini huwafikia wenye simu janja na salio. Kura iliyopigwa kati ya hao haisemi lolote juu ya bibi wa kijijini asiye na simu. Aidha, simu ya nyumbani hutumiwa na wengi: mume anaweza kufungua fomu ambayo mkewe hajaimaliza. Fomu ya namna hiyo isionyeshe majibu yaliyopita, na kichwa chake kisitaje jambo la siri. Kwa maswali mazito, mdadisi wa kike aliyefunzwa, mwenye kishikwambi kinachofanya kazi bila mtandao, bado ni bora kuliko kiungo.

Kabla ya kuingia kijijini

Fomu yenye maswali-lango matano ya ndiyo na hapana, yasiyotegemeana, ina njia 32. Kila njia ijaribiwe mezani. Kisha fomu ijaribiwe na wanawake wachache wasio wa utafiti, kwa lugha yao, na waulizwe walielewa nini. Kibali cha maadili kipatikane kwanza, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 izingatiwe: jina lisichukuliwe pasipo lazima. Mdadisi awe pia na mahali pa kumwelekeza mhojiwa anayehitaji matibabu au msaada.

Kwa anayehojiwa

Mama anayefikiwa na mdadisi ajue kwamba jina lake halikuchaguliwa kwa sababu ya lolote alilofanya. Kura ndiyo iliyomwangukia. Ana haki ya kuuliza majibu yake yatakwenda wapi, ya kutaka wengine waondoke kwanza, ya kukataa swali moja au yote, na kukataa hakumwondolei huduma yoyote. Akiruka maswali ambayo jirani yake aliulizwa, asidhani amebaguliwa: ni masharti ya fomu.

Mwisho wa yote, takwimu ya Dodoma itaendelea kusomwa na wanaopanga bajeti, na penye asilimia ndogo fedha huhamishwa kwingine. Ikiwa upungufu ni wa kweli, hilo ni jema. Ikiwa sehemu yake ni ukimya, yuko mtoto Kondoa ambaye hakuhesabiwa, na jambo la kwanza analoweza kufanyiwa ni mama yake kuulizwa vizuri.