Tukubaliane Mtaani: Kijitabu cha Kaya Kuhusu Watoto na Skrini

Mzazi aliyewahi kumnyima mtoto simu anajua kinachofuata. Mtoto anavuka uwanja, anaingia kwa jirani, na muda si mrefu wamebanana watano kwenye kochi wakitazama katuni kwenye simu ya kaka wa nyumba ile. Jirani akiwafukuza, kuna saluni yenye televisheni, kuna kibanda cha gemu nyuma ya duka, na kuna mwenzao wa darasani anayekwenda shule na simu ndani ya soksi.

Ndiyo maana kijitabu hiki kimeandikwa kisomwe na wazazi kadhaa wa shule moja kwa wakati mmoja. Ushauri wa "mzuie mwanao" umetolewa miaka mingi. Wazazi wengi wameujaribu wakachoka, na wala hawakuwa walegevu: walikuwa peke yao.

Skrini tunayoizungumzia ni simu janja, kishikwambi, kompyuta, gemu na televisheni. Redio haimo.

MWILI WA MTOTO UNADAI NINI

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini. Mwenye miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kuanzia anapotimiza mwaka mmoja, anahitaji angalau dakika 180 kwa siku za kutembea, kukimbia, kupanda na kuchezacheza. Usingizi wake ni saa 11 hadi 14 akiwa na mwaka mmoja au miwili, na saa 10 hadi 13 akiwa na mitatu au minne, pamoja na ule wa mchana.

Ukizipanga saa hizo kwenye siku moja utaona tatizo lilipo. Siku ya mtoto mdogo imeshajaa. Kila dakika ya katuni inachukuliwa kutoka kwenye usingizi, mchezo, au mazungumzo na mtu.

Mazungumzo ndiyo yanayosahaulika. Mtoto hujifunza kusema kwa kujibiwa. Anasema "ba", wewe unasema "baba amekwenda kazini", anakutazama mdomo, anajaribu tena. Katuni inaongea mfululizo wala haimsubiri. Anaweza kukariri wimbo wa rangi wa Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho na bado asijue kuomba maji.

Angalia pia wakati wa kula. Simu imeegemezwa kwenye jagi, mtoto ameikodolea macho, mlezi anasogeza kijiko cha uji na kinywa kinafunguka chenyewe. Uji unaisha na kila mtu anafurahi kwamba amekula. Lakini hakuuonja, hakutafuna kilichohitaji kutafunwa, wala hakujua ameshiba saa ngapi. Mwezi mmoja baadaye hali mpaka awekewe simu. Kumwachisha kunawezekana, ila siku za kwanza atakula kidogo na kulia sana. Mwenye afya njema akipewa chakula kwa saa zake na kuachwa ale na wenzake, hurudi kwenye hamu yake.

USINGIZI NA BASI LA SHULE

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kila usiku. Mjini, wengi wanaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule. Hesabu kurudi nyuma: ili apate hizo tisa tu, saa mbili usiku awe ameshalala. Sasa linganisha na saa inapoanza tamthilia kwenye nyumba yenu.

Mwanga wa skrini usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni wakati wa kulala. Gemu na video fupi huongeza jingine: zinaiacha akili imechangamka wakati mwili umechoka. Zima skrini za watoto saa moja kabla ya kulala, na simu zisilale kitandani kwao. Sisi tunaoishi chumba kimoja, kitanda kikitazamana na televisheni, hatuwezi kumpeleka mtoto "chumbani kwake". Basi tugeuze kichwa cha kitanda, tufunge pazia au khanga katikati, tupunguze sauti na mwanga. Na siku za shule, tamthilia inaweza kusubiri marudio ya mwisho wa wiki. Mwandishi wa kijitabu hiki anajua hilo ndilo gumu kuliko yote yaliyomo humu.

MACHO

Watoto wengi hushika simu karibu mno na uso, karibu kuliko wanavyoshika daftari, na wakizama humo hupepesa macho mara chache. Macho yanakauka, yanawasha, kichwa kinauma. Akitazama kwa dakika 20, apumzike kwa kuangalia kitu kilicho mbali, umbali wa mita 6 au zaidi, walau kwa sekunde 20.

Kwa tatizo la kutoona mbali, kinga kubwa ni kukaa nje mchana. Mjini Guangzhou, China, watafiti waligawa shule 12 za msingi: nusu ziliongezewa kipindi cha dakika 40 nje kila siku ya shule, nusu ziliendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, katika shule za kawaida watoto 39.5 kati ya kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Katika zile zilizotoka nje walikuwa 30.4. Hakuna dawa iliyonunuliwa hapo. Rede, kombolela, mdako kivulini na mpira wa makaratasi vinafanya kazi hiyohiyo, mradi kuna uwanja. Kama uwanja wa mtaa umegeuka maegesho ya bajaji, hilo nalo lipelekwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa sababu ni suala la afya.

MJI MMOJA ULIVYOFANYA

Greystones ni mji mdogo wa pwani nchini Ayalandi, kusini ya Dublin. Baada ya korona, walimu wa shule za msingi pale waliona watoto wengi wana wasiwasi uliopitiliza, na katika mazungumzo na wazazi simu ilikuwa ikirudi kila mara. Mwaka 2023 shule nane, Rachel Harper wa St Patrick's akiwa miongoni mwa walimu wakuu waliosimama mbele, zilikubaliana na vyama vya wazazi: mtoto asiwe na simu janja mpaka aingie sekondari, si shuleni tu, hata nyumbani. Yalikuwa makubaliano ya hiari. Hakuna sheria iliyotungwa, hakuna faini.

Kwa nini jambo la hiari liwe na nguvu? Msikilize mtoto wa miaka kumi anapodai simu. Hataji masomo wala usalama. Anasema, "Wenzangu wote wanazo." Mzazi anayesikia hivyo anaogopa mwanawe atatengwa, ananunua, na kwa kununua anamtia mzazi wa pili katika hofu ileile. Wazazi wakikubaliana pamoja, ile sentensi ya mtoto inakuwa si kweli, na anayekataa haonekani mkali kuliko wengine.

Mwaka uliofuata, Uingereza, akina mama wawili, Daisy Greenwell na Clare Fernyhough, walianza na kikundi cha WhatsApp cha kupeana moyo wasiwanunulie watoto simu janja, kikakua haraka hadi kuwa vuguvugu la nchi nzima. Ndiyo, WhatsApp. Simu ya mzazi inaruhusiwa kufanya kazi nzuri.

SHULENI

Shule zetu nyingi tayari zinakataza wanafunzi kuja na simu, kwa hiyo hapo tuko mbele ya nchi kadhaa tajiri. Ripoti ya elimu ya UNESCO ya mwaka 2023 ilisema kwamba simu ikiwa karibu tu na mwanafunzi inatosha kumvuruga. Tatizo letu linaingia kwa mlango mwingine: kazi za nyumbani, na shule zinazojinadi kwa vishikwambi.

Twende kwenye kazi za nyumbani. Mwalimu anatuma picha ya maswali kwenye kikundi cha darasa saa moja usiku. Mama anampa mtoto simu anakili. Swali la kwanza limekwisha, ujumbe wa shangazi unaingia juu ya picha, mtoto anaugusa, ndani yake kuna video, video inaleta nyingine. Mama akirudi kutoka jikoni daftari lina maswali mawili, bando limepungua, na mtoto anaapa kwamba alikuwa anasoma. Na yule ambaye simu ya mzazi wake iko kazini hadi saa nne usiku, anaadhibiwa kesho yake kwa kutofanya kazi.

Ombi la wazazi hapa ni jepesi: maswali yaandikwe ubaoni, wanafunzi wayanakili kabla ya kuondoka, na kikundi cha WhatsApp kibaki cha matangazo kwa wazazi. Mwalimu naye atapumzika na maswali ya saa tano usiku.

Kuhusu vishikwambi, tofautisheni anayevitumia. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Tanzania ya 2022 na kisha kugawiwa walimu ni zana ya mwalimu, anaandalia somo. Chumba cha kompyuta chenye mwalimu, kwa wanafunzi wakubwa, kwa vipindi vinavyojulikana, nacho hakina ubaya. Cha kuuliza ni pale shule inapotaka mtoto wa darasa la kwanza asome na kuandika kwenye kioo. Kenya walianza kupeleka vishikwambi kwa watoto wa umri huo mwaka 2016. Peru waligawa kompyuta mpakato kwa wingi, na tathmini iliyotoka mwaka 2012 kutoka shule za vijijini ilikuta kompyuta zimeongezeka kweli, lakini alama za hisabati na lugha hazikupanda. Sweden, iliyowahi kutangulia wengi kwa kupeleka skrini madarasani, mwaka 2023 ilitenga kronor milioni 685 kurudisha vitabu vya karatasi.

Kwa hiyo shule ikitangaza ada mpya ya vishikwambi, ulizeni kwa upole: vitachukua nafasi ya nini? Vitatumika dakika ngapi kwa siku? Kikiharibika nani analipa? Fedha hizo zingenunua vitabu vingapi? Mtoto mwenye ulemavu wa kuona au kusikia, anayesomea kwa kifaa, asiguswe na makatazo yenu.

KUITISHA KIKAO

Msianze na shule nzima. Anzeni na darasa moja, wazazi sita au saba wanaofahamiana. Mkikubaliana, mwombeni mwalimu wa darasa nafasi kwenye kikao cha wazazi, na mwambieni mwalimu mkuu mapema ili asione mnamvamia. Akina baba waitwe kwa majina. Tangazo la "wazazi wote" huleta akina mama peke yao.

Kutakuwa na mzazi atakayesema, "Mwanangu atabaki nyuma kiteknolojia." Mjibuni bila kumcheka. Kugusa kioo kunajifunzwa kwa siku moja. Kusoma ukurasa mzima bila kuchoka kunachukua miaka, na ndiko kunakomwezesha mtu kuitumia kompyuta baadaye. Mwingine atasema anahitaji kujua mtoto amefika salama. Huyo ana hoja. Kitochi kinapiga na kupokea, na betri yake inadumu.

Andikeni makubaliano mafupi, yasiyozidi nusu ukurasa, kwa lugha yenu. Mfano:

"Sisi wazazi na walezi wa darasa la tatu hatutawanunulia watoto wetu simu janja kabla hawajamaliza shule ya msingi. Anayehitaji kupigiwa atabeba kitochi. Mtoto wa mwenzetu akija kucheza kwetu hatutampa simu wala gemu bila mzazi wake kujua. Siku za shule skrini za watoto zitazimwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Tutakutana tena muhula ukifungwa."

Asiyetaka kusaini asilazimishwe wala asisemwe kwenye kikundi. Mwenye kibanda cha gemu naye afuatwe kistaarabu: asiwaingize wenye sare za shule. Wengi watakubali, kwa kuwa nao ni wazazi.

NANI ANAKAA NA MTOTO?

Makubaliano mengi hufia hapa. Wazazi wamesaini, lakini kutwa nzima mtoto yuko na dada wa kazi au bibi, na huyo ana nguo za kufua, chakula motoni na mtoto mgongoni. Simu ndiyo msaidizi wake. Ukimwambia "usimpe simu" bila kumpa mbadala, umemwongezea kazi tu. Kaa naye mpange: saa ngapi watoto watakuwa nje, nani wa jirani anaweza kuwatazama kwa zamu, mtoto apewe nini akiwa jikoni. Sufuria kuukuu, vifuniko vya chupa vikubwa visivyomezeka, mchele wa kuchagua, khanga ya kujengea nyumba chini ya meza. Dada naye apewe saa zake za kupumzika na simu yake, mtoto akiwa kwa mtu mwingine.

Na mzazi ukifika nyumbani, weka yako chini kwa nusu saa ya kwanza.

LINI UENDE KITUO CHA AFYA

Kupunguza skrini hakutibu kila kitu. Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili kama "mama njoo", asiyegeuka akiitwa jina, au aliyeacha maneno aliyokuwa anayajua, apelekwe kupimwa mara moja, awe anatazama simu au hatazami. Vivyo hivyo anayefinya macho kusoma ubao, anayelalamika kichwa kila jioni, na yule mkubwa aliyejitenga, asiyelala, au anayesema hataki kuishi. Huyo wa mwisho asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na apelekwe siku hiyohiyo.

Beba kadi yake ya kliniki, na ukiulizwa anatazama skrini saa ngapi kwa siku, zitaje zilivyo.